Wanaozomea na Wanaoshangilia Wanasikia Nini?

Muziki wa klasiki wa kimajaribio, huu ambao wengi huuita wa avangadi, unapopigwa mbele ya hadhira, hukumu mbili hutolewa upesi, kabla hata wapigaji hawajaweka ala zao chini. Ya kwanza huwaangukia wasioupenda: wanaambiwa kwamba wana masikio mavivu, kwamba hawajasoma vya kutosha, na kwamba wanataka tu kubembelezwa na nyimbo walizokwisha kuzizoea. Ya pili huwaangukia wanaoupenda: wanaambiwa kwamba wanajifanya, kwamba hakuna mtu anayeweza kufurahia kelele zile, na kwamba wanapiga makofi ili waonekane wajuzi. Nimekuwa nikiusikiliza muziki huu kwa miaka mingi na ninaupenda kwa dhati, na hukumu zote mbili zinaniudhi kwa kiasi kilekile, kwa kuwa kila moja inamwita msikilizaji mwongo. Ninavyoona mimi, aliyeshika kichwa kwa maumivu na aliyesimama kushangilia wote wawili wanasema kweli kuhusu walichokisikia. Tofauti yao imo katika kazi ambayo kila mmoja aliyapa masikio yake kabla ya sauti ya kwanza, na katika mazingira yaliyomwandaa, au yaliyoshindwa kumwandaa, kwa kazi hiyo.

Mwaka 1913 ndio unaotajwa mara nyingi zaidi katika habari hizi, na una haki ya kutajwa. Tarehe 31 Machi mwaka huo, katika ukumbi wa Musikverein mjini Vienna, Arnold Schoenberg aliongoza okestra katika onyesho lililokusanya kazi yake mwenyewe, kazi za wanafunzi wake Anton Webern na Alban Berg, na nyimbo za Alexander Zemlinsky. Vicheko na miluzi vilianza mapema. Ilipofika zamu ya nyimbo za Berg, zilizotungwa juu ya maneno mafupi ya kadi za posta ya mshairi Peter Altenberg, watu walikuwa wameshafikia kushikana mashati, onyesho likavunjika, na nyimbo za Gustav Mahler zilizopangwa kuufunga usiku ule hazikupigwa kabisa. Shauri lilifika mahakamani, na Oscar Straus, mtunzi wa opereta, yaani opera nyepesi, akatoa ushahidi kwamba katika sauti zote za usiku ule, sauti ya kofi alilozabwa mtu ukumbini ndiyo iliyokuwa na upatanifu kuliko zote. Watu hulirudia neno hilo kwa kicheko. Mimi humfikiria zaidi Berg, aliyekuwa na umri wa miaka 28, na aliyefariki mwaka 1935 bila kuzisikia nyimbo zile tano zikiimbwa zote pamoja na okestra. Zilipigwa kwa ukamilifu mwaka 1953.

Miezi miwili baada ya ghasia za Vienna, tarehe 29 Mei, ukumbi mpya wa Théâtre des Champs-Élysées mjini Paris ulishuhudia baleti ya Igor Stravinsky iitwayo Le Sacre du printemps, ambayo uchezaji wake ulibuniwa na Vaslav Nijinsky. Kelele za hadhira zilikuwa kubwa kiasi kwamba wachezaji walishindwa kuisikia okestra, na Nijinsky akalazimika kusimama juu ya kiti pembeni mwa jukwaa akiwahesabia mapigo kwa sauti ya juu, huku kondakta Pierre Monteux akiendelea bila kusita mpaka noti ya mwisho. Masimulizi ya waliokuwepo hayapatani kuhusu kilichowaudhi watu. Wengine hutaja muziki, wengine hutaja miguu iliyopindishwa ndani na wachezaji wanaokanyaga chini kwa vishindo mahali ambapo macho yalitazamia wepesi na madaha. Jambo lisilo na ubishi ni kwamba mwezi wa Aprili 1914, katika mji huohuo, Monteux huyohuyo aliupiga muziki uleule bila wachezaji, na safari hii Stravinsky akatolewa ukumbini akiwa amebebwa mabegani na mashabiki. Haiwezekani kwamba masikio ya Paris yalielimika kiasi hicho ndani ya miezi kumi na moja. Waliokuja safari ya pili walikuja kusikiliza, hawakuwa na baleti ya kutazamia, na walipata utulivu wa kusikia kile ambacho safari ya kwanza kilizama chini ya kelele zao wenyewe.

Schoenberg alilielewa jambo hili kuliko mtunzi yeyote wa zama zake, na hatua aliyoichukua naiona kuwa mojawapo ya hatua za busara zaidi katika historia ya usikilizaji. Mwaka 1918 alianzisha mjini Vienna chama cha maonyesho ya faragha ya muziki. Wanaoingia walikuwa wanachama tu. Waandishi wa uhakiki hawakuruhusiwa kuja kuandika. Orodha ya kazi zitakazopigwa haikutangazwa kabla, ili mtu asije kwa ajili ya jina hili na kulikwepa jina lile. Na kupiga makofi kulikatazwa sawasawa na kuzomea. Juu ya yote hayo, kazi ngumu zilifanyiwa mazoezi mengi na kurudiwa katika maonyesho ya baadaye, ili aliyeachwa nyuma mara ya kwanza apate nafasi ya pili na ya tatu. Watu huutaja mpango huo kama ushahidi kwamba Schoenberg aliwakimbia wasikilizaji. Nadhani wamekosea. Alikuwa anaondoa kila kitu kinachomlazimisha msikilizaji kuchagua upande kabla hajasikia, yaani macho ya jirani, neno la gazeti, na ile hofu ya kuonekana mjinga, na alikuwa anampa jambo ambalo maonyesho ya kawaida hayampi hata leo, nalo ni marudio.

Marudio yana maana kubwa kwa sababu ya namna sikio linavyofanya kazi. Tunaposikiliza muziki hatupokei tu sauti iliyopo. Kila wakati tunabashiri sauti inayofuata, na sehemu kubwa ya raha yetu hutokana na kubashiri vizuri, au kushangazwa kidogo na kisha kutulizwa. Mtu aliyelelewa katika muziki wenye noti ya msingi, ambamo kila safari ya sauti hutoka kwenye noti hiyo na kuirudia, ana mazoea hayo ya kubashiri bila kujua kwamba anayo. Muziki wa Schoenberg wa kuanzia mwaka 1908 hivi humnyang'anya noti ya msingi, na ule alioutunga kwa mfumo wa noti kumi na mbili katika miaka ya 1920 huzipanga noti zote kumi na mbili za oktava (yaani ngazi nzima ya sauti kabla noti ya kwanza haijajirudia juu zaidi) katika mfuatano ambamo hakuna hata moja yenye ukubwa juu ya wenzake. Msikilizaji huyo hubashiri na kukosea, hubashiri tena na kukosea tena, na baada ya dakika chache anachoka kikweli. Uchovu wake si ishara ya ujinga.

Jambo hili nilielezwa vizuri kuliko vitabuni na dada yangu mkubwa, ambaye ameimba katika kwaya tangu utotoni na ana sikio kali kuliko langu. Soprano mmoja akishuka hata kidogo chini ya noti, yeye hujua kabla ya mwalimu. Nilimwekea mojawapo ya kazi za Schoenberg za piano, naye akaisikiliza yote kwa heshima, kisha akasema, "Mdogo wangu, mimi namsubiri arudi nyumbani, naye harudi." Nikamjibu, "Lakini dada, huyu hana nyumba ya kurudi." Akanitazama na kusema, "Basi mbona anatembea kama mtu mwenye nyumba?" Sijawahi kusikia uhakiki mkali zaidi ya huo, wala wa haki zaidi. Katika vipande vile Schoenberg aliondoa noti ya msingi, lakini aliacha mienendo ya muziki wa zamani: sentensi zile za muziki zinazopanda na kushuka, mapumziko mahali ambapo Brahms, mtunzi wa karne ya 19, angepumzika, hata ngoma za karne ya 18 kama gavoti na minuveti katika mojawapo ya kazi hizo. Sikio la dada yangu lilizitambua ishara zote za safari ya kurudi, na likaumia kwa sababu lilizitambua. Mtu asiye na malezi hayo ya kwaya pengine asingeumia hivyo, na kwa hiyo wale wanaodhani kwamba kuuchukia muziki huu ni dalili ya sikio duni wameligeuza jambo juu chini.

Je, ina maana kwamba sauti zinazokwaruzana huudhi kwa asili? Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 na Josh McDermott na wenzake unatupa sababu ya kusita. Waliwasikilizisha watu wa jamii ya Tsimane', wanaoishi katika msitu wa Amazoni nchini Bolivia na ambao hawakuwa na mazoea makubwa na muziki wa Magharibi, mafungu ya noti yanayopatana na yale yanayogongana. Watu hao waliyaona mafungu hayo yote kuwa yanapendeza kwa kiasi kilekile, ingawa sauti zenye mkwaruzo mkali ziliwachukiza kama zinavyowachukiza watu wengine. Nikiusoma utafiti huo, naona kwamba sehemu kubwa ya kile tunachokiita uzuri wa noti zinazopatana ni mazoea tuliyoyapata kwa kusikia. Lakini mazoea yaliyopatikana utotoni na kuimarishwa kwa maisha mazima si jambo dogo, na kumwambia mtu ayaache jioni moja kwa kuwa ni mazoea tu ni kumwomba kitu ambacho hana uwezo wa kukitoa.

Anachoweza kukifanya ni kuyapa masikio kazi nyingine, na hapa naomba niseme kwa undani kidogo kile ambacho mimi hukisikia. Chukua kazi ya Helmut Lachenmann iitwayo Pression, aliyoitunga mwaka 1969 kwa ajili ya selo moja. Ukiingia humo ukitafuta mahadhi utatoka mikono mitupu, na utakuwa na haki ya kulalamika. Lakini sogea karibu. Mpigaji anaanza kwa kuteleza vidole juu ya nyuzi, polepole, na kinachotoka ni mnong'ono mkavu ambao huwezi kusema ni noti gani. Upinde unagusa nyuzi kwa wepesi hata hausababishi sauti kamili, pumzi tu ya sauti. Kisha unabanwa chini kwa nguvu na kuvutwa pole, na ule ukelele laini tunaoujua wa selo unavunjika kuwa mfululizo wa mipasuko midogo ambayo unaweza karibu kuihesabu, kila mmoja ukiwa ni uzi unaonaswa na nywele za upinde na kuponyoka. Wakati huo naisikia selo kama mbao, nyuzi na nywele za farasi vinavyosuguana chini ya mkono wa mtu mwenye uzito na nguvu, na noti ya kawaida, ikitokea hatimaye, inanishtua kwa ukamilifu wake. Namwamini kabisa anayeniambia kwamba yeye alisikia mikwaruzo tu. Ni kweli ni mikwaruzo. Mimi nilikuwa nasikiliza tofauti kati ya mkwaruzo mmoja na mwingine, na yeye alikuwa anangoja mikwaruzo iishe ili muziki uanze.

György Ligeti alifanya jambo la jinsi hiyo kwa okestra kubwa. Kazi yake Atmosphères, iliyopigwa kwa mara ya kwanza mwaka 1961 katika tamasha la Donaueschingen nchini Ujerumani chini ya kondakta Hans Rosbaud, huanza kwa wingu moja la sauti, ambamo noti zote za oktava kadhaa hupigwa pamoja kwa ulaini, na kwa dakika kama tisa hakuna mahadhi wala mapigo ya kuhesabu. Wingu hilo hubadilika rangi tu. Kuna mahali ambapo filimbi ndogo hupanda juu zaidi na zaidi mpaka sauti inakuwa kama sindano, halafu inakatika, na papo hapo besi kubwa nane zinasikika kutoka chini kabisa, na mtu huhisi kwamba sakafu imeondolewa. Hadhira ya Donaueschingen, iliyokuwa imekuja kwa makusudi kusikia muziki mpya, iliitaka kazi hiyo irudiwe palepale, nayo ikarudiwa. Miaka saba baadaye mwongozaji Stanley Kubrick aliitumia pamoja na kazi nyingine za Ligeti katika filamu yake ya safari za anga, na mamilioni ya watu ambao wasingekanyaga ukumbi wa muziki mpya wakaisikiliza wakiwa wamekaza macho kwenye giza la skrini, wala sijasikia kwamba walizomea.

Mfano wa filamu hupendwa sana na watetezi wa muziki huu, na nina wasiwasi nao kiasi. Unathibitisha kwamba masikio ya watu wengi yanaweza kuzipokea sauti hizi yakipewa kazi ya kufanya, nami nauheshimu uthibitisho huo. Opera ya Berg iitwayo Wozzeck ilithibitisha jambo hilohilo mapema zaidi: tangu ilipoonyeshwa Berlin mwezi Desemba 1925 ilichukuliwa na majumba mengi ya opera ndani ya miaka michache, kwa sababu hadithi ya yule askari maskini anayedhalilishwa mpaka anapoteza akili iliwapa wasikilizaji sababu ya kila mgongano wa noti. Tatizo ni kwamba filamu zimeufundisha ulimwengu kuwa sauti hizi maana yake ni hofu. Mtu aliyezisikia kwanza katika filamu za kutisha akija kuzisikia ukumbini anangoja kitu kibaya kitokee, na Atmosphères, ambayo kwangu ni kazi tulivu na yenye mwanga mwingi, inakuwa kwake tishio la dakika tisa.

Kuna watakaosema kwamba chanzo cha ugomvi wote ni noti zinazogongana. Habari ya Steve Reich inawapinga. Kazi yake Four Organs ya mwaka 1970 ni ya vinanda vinne vya umeme na mpigaji mmoja wa manyanga. Manyanga hutoa mapigo ya haraka yasiyobadilika tangu mwanzo hadi mwisho, na vinanda hupiga fungu moja tu la noti, ambalo mtu yeyote aliyesikia muziki wa dansi angelitambua na kulikubali. Linaanza fupi, kisha noti zake zinarefushwa moja baada ya nyingine, taratibu, mpaka fungu lililokuwa kishindo kimoja linatandazwa kuwa sauti ndefu isiyo na kingo. Basi. Kazi hiyo ilipopigwa Carnegie Hall mjini New York tarehe 18 Januari 1973, katika onyesho la okestra ya Boston, hadhira ilipiga kelele kiasi kwamba wapigaji walilazimika kuhesabiana kwa sauti ili wasipoteane, na Michael Tilson Thomas, aliyekuwa mmoja wa wapigaji, amesimulia kwamba mwanamke mmoja alikuja mbele akagonga ukingo wa jukwaa kwa kiatu chake akitaka wanyamaze. Hapakuwa na mgongano wowote wa noti wa kulaumiwa. Walichonyang'anywa watu wale ni mwendo wa wakati waliouzoea, ambamo muziki huahidi jambo na kulitimiza baada ya muda unaoeleweka. Waliokaa wakausikiliza mrefusho wenyewe, badala ya kungoja uwafikishe mahali, nao walisikia noti ndani ya noti, na hao ndio waliopiga makofi.

Hata kazi ya John Cage iitwayo 4′33″ inaeleweka vizuri zaidi kwa njia hii kuliko kwa mabishano ya kama ni muziki ama si muziki, mabishano ambayo kwa kweli yamenichosha. Tarehe 29 Agosti 1952, karibu na Woodstock katika jimbo la New York, mpiga piano David Tudor alikaa mbele ya piano kwa sehemu tatu bila kupiga noti hata moja, akiashiria mwanzo na mwisho wa kila sehemu kwa kifuniko cha piano. Cage alisema baadaye kwamba palikuwa na upepo nje katika sehemu ya kwanza, matone ya mvua juu ya paa katika ya pili, na katika ya tatu watu wenyewe walitoa sauti za kila namna walipokuwa wakizungumza au kuondoka. Aliyekuja kusikia piano alidhulumiwa, na nitamtetea daima. Aliyeusikia upepo alipewa kitu, na huyo pia nitamtetea.

Ukali wa ugomvi huu hauelezeki kwa masikio peke yake, kwani siasa ya karne ya 20 iliingia ndani yake ikauchafua. Wanazi waliupiga marufuku muziki wa Schoenberg na wa wengi wa mduara wake, na mwaka 1938 mjini Düsseldorf wakafanya maonyesho rasmi ya kuudhihaki muziki waliouita ulioharibika. Miaka kumi baadaye uongozi wa Kisovieti ukawashutumu hadharani Dmitri Shostakovich, Sergei Prokofiev na wengine kwa kutunga muziki usioeleweka na umma. Kijana aliyeanza kutunga baada ya vita, akihudhuria kozi za kiangazi za muziki mpya za Darmstadt, Ujerumani, zilizoanza mwaka 1946, alikuwa na sababu nzito ya kulishuku neno "umma" na kuishuku furaha ya halaiki. Naelewa hofu hiyo. Lakini hofu ikazaa dharau, na dharau ikadumu kuliko sababu yake. Mwaka 1958 mtunzi wa Marekani Milton Babbitt aliandika makala akisema kwamba mtunzi wa muziki wa hali ya juu ni mtaalamu kama mwanafizikia, na kwamba ingemfaa ajitenge na hadhira ya kawaida afanye kazi yake katika chuo kikuu. Jarida liliibadilishia makala hiyo kichwa cha habari, likaweka swali la kwamba ni nani anayejali kama unasikiliza, na swali hilo ambalo Babbitt hakuliandika likamfuata maisha yake yote. Kosa la mhariri ni wazi. Hata hivyo, swali hilo lisingemganda hivyo kama hoja yenyewe isingekuwa imeshaufunga mlango nusu. Inapendeza kulinganisha na Schoenberg mzee, ambaye katika barua yake kwa Rosbaud ya mwaka 1947 alisema kwamba hatamani kitu zaidi ya kuchukuliwa kama Tchaikovsky aliye bora kidogo, na kwamba watu wayajue mahadhi yake na kuyapiga miluzi. Mtu huyo hakuwachukia wasikilizaji. Aliwatamani mpaka mwisho.

Tamanio lake halijatimia, nasi tunaompenda hatuna budi kulikubali hilo bila kujificha nyuma ya ile hoja ya kwamba wakati utamthibitisha. Husemwa kwamba fuga kubwa ya Beethoven, kazi yake ya ala nne za nyuzi, iliwashinda watu mwaka 1826 na leo inaheshimiwa, hivyo kila kilichokataliwa kitakubaliwa. Hoja hiyo ni dhaifu, kwa sababu kazi nyingi mno zilizokataliwa zilikataliwa moja kwa moja na hatukumbuki hata majina yake. Kwartet ya pili ya Schoenberg, yaani kazi ya kundi la ala nne za nyuzi, ina zaidi ya karne moja tangu ilipozua zogo Vienna mwezi Desemba 1908, na bado ukumbi wa kawaida hauipokei kama unavyoipokea kwartet ya Debussy au ya Ravel. Huenda daima itakuwa ya wachache. Sioni aibu katika hilo, kama vile hakuna aibu katika ushairi mgumu kuwa na wasomaji wachache, wala uchache huo hauwapi wasomaji hao cheo chochote.

Lililo gumu zaidi ni kuishi pamoja ndani ya ukumbi mmoja. Mwishoni mwa Februari 2016, katika ukumbi wa Philharmonie mjini Köln, Mahan Esfahani alikuwa akipiga kwa hapsikodi, ala ya zamani inayofanana na piano, kazi nyingine ya Reich, Piano Phase, ambayo aliitanguliza kwa maelezo mafupi kwa Kiingereza. Mtu mmoja alimpigia kelele azungumze Kijerumani, na muziki ulipoanza baadhi ya wasikilizaji wakacheka, wakapiga makofi ya dhihaka na kuzomea, mpaka akaacha kupiga katikati ya kazi na kuendelea na muziki mwingine. Nimetumia aya nyingi kuwatetea wasiopenda, lakini siwezi kulitetea tendo hilo. Asiyependa ana haki ya kuondoka kimya, ana haki ya kukataa kupiga makofi, na kazi ikishakwisha ana haki hata ya kuzomea, jambo ambalo naliona la heshima kuliko makofi ya adabu yasiyo na moyo. Lakini anayezomea katikati anamnyima aliyekaa kando yake sauti alizokuja kuzisikia, na hawezi kujua kama jirani huyo alikuwa ameanza kusikia kitu.

Kwa upande wa waandaaji, kasoro ninayoiona kila mara ni ile ya kuipachika kazi mpya ya dakika kumi mwanzoni mwa onyesho, kabla ya konseto na simfoni ambazo watu wamelipia, bila neno la kuitambulisha. Edgard Varèse alifanyiwa jambo linalokaribiana na hilo mwaka 1954, kazi yake Déserts, yenye sehemu za sauti zilizorekodiwa kwenye utepe, ilipowekwa Paris kati ya Mozart na Tchaikovsky, na fujo zilizotokea zilirushwa moja kwa moja na redio. Msikilizaji ambaye masikio yake yametengwa kwa ajili ya Tchaikovsky hana pa kuiweka Déserts.

Ningependa waandaaji waazime desturi ile ya chama cha Schoenberg cha mwaka 1918. Chukua vipande vitatu vya Webern vya selo na piano, namba 11 katika orodha ya kazi zake, ambavyo vyote kwa pamoja havifikii hata dakika nne. Vipigwe mara moja. Mpiga selo asimame, aseme kwa maneno ya kawaida ni nini cha kusikiliza: hapa nagusa uzi karibu na daraja ili sauti iwe kama kioo, hapa kimya ni kirefu kuliko noti, hapa noti moja inabadilishwa rangi kabla haijafa. Aoneshe kwa upinde kila anachokitaja, mara moja au mbili, polepole. Kisha vipigwe tena, vyote vitatu, na baada ya hapo anayetaka kuzomea azomee.